Ukishafungua RB: njia ya shauri la ugomvi wa nyumbani kutoka Magomeni, Kilosa

Mtu anayekwenda polisi usiku uso umevimba huwa na jambo moja tu moyoni: kipigo kikome, watoto walale. Hafikirii jinai, hakimu wala talaka. Akifika kaunta ya kituo cha Kilosa mjini, askari anamsikiliza kwa sikio jingine. Yeye anatafuta kosa: nani kampiga nani, wapi, saa ngapi, kwa kitu gani, na umeumia wapi. Kutoelewana kunaanzia hapo, na ndiyo maana wengi hurudi Magomeni wakisema polisi hawasaidii.

Ukitaka kuipita njia hii bila kuchoka katikati, shika hili mapema: polisi hupokea kosa, hawapokei ndoa. Kipigo, tishio na kuvunjiwa vitu vinaingia kwenye kitabu chao. Nani abaki na watoto, nyumba ni ya nani, fedha za mpunga zigawanywe vipi, hayo yana mlango mwingine kabisa, na hakuna askari atakayekufungulia. Itakubidi uzijue njia zote mbili, maana mara nyingi utazipita kwa wakati mmoja.

Tanzania Bara haina sheria moja ya ukatili wa majumbani. Kenya walitunga ya kwao mwaka 2015 na Uganda mwaka 2010, na huko mtu anaweza kwenda mahakamani kuomba amri ya ulinzi inayomzuia mwenzake asimsogelee, hata kabla ya kesi nyingine yoyote. Kwetu shauri lako linaunganishwa kwa vipande: Kanuni ya Adhabu kwa kosa lenyewe, Sheria ya Mwenendo wa Mashauri ya Jinai kwa hatua zake, na Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 kwa yanayobaki nyumbani. Mimi nasema pengo hilo linaumiza watu, na lingepaswa kuzibwa siku nyingi. Hata hivyo, usimruhusu mtu akwambie kwamba kwa sababu hiyo kumpiga mke ni jambo la ndani. Kifungu cha 66 cha Sheria ya Ndoa kinatamka kwamba hakuna mwenye haki ya kumwadhibu mwenzi wake kwa kumpiga. Kimeandikwa hivyo tangu 1971, na kinamlinda mume kama kinavyomlinda mke.

Sasa turudi kaunta. Ukieleza shida yako, askari anaiandika kwenye kitabu cha taarifa na kukupa namba. Hiyo namba ndiyo RB. Usiondoke bila kuiandika mahali pawili, kwenye karatasi na kwenye simu, kwa sababu kila utakapokwenda baadaye swali la kwanza litakuwa hilo. Omba upelekwe Dawati la Jinsia na Watoto. Madawati haya ni zaidi ya 400 nchini, na yaliwekwa ili mtu asieleze mambo ya chumbani mbele ya foleni ya walioibiwa kuku na waliogongwa na bodaboda. Kama uko mbali na mjini, unaweza kuanza kwa polisi kata au kwa mwenyekiti wa kitongoji akusindikize. Lakini mwenyekiti hana uwezo wa kusikiliza kesi ya kipigo na kuimaliza kwa faini ya jogoo. Kazi yake ni kukufikisha.

Kama umeumia, utapewa PF3, fomu namba tatu ya polisi. Unaipeleka hospitali, daktari anakupima, anaandika alichokiona na kitu anachodhani kilikujeruhi, anasaini na kugonga mhuri. Karatasi hii ni ndogo lakini kesi nyingi za kupigwa zimesimama au zimeanguka juu yake. Iende hospitali siku hiyo hiyo. Uvimbe hushuka na alama hufifia, na daktari hawezi kuandika asichokiona. Mwambie kila mahali panapouma, hata pale unapoona aibu. Ukiwa unavuja damu, umezimia au una mimba na umepigwa tumboni, anza hospitali moja kwa moja. Aliye Mikumi akimbilie St. Kizito, aliye mjini aende hospitali ya wilaya, na ndugu afuatilie fomu wakati wewe unatibiwa. Kabla ya kuirudisha PF3 polisi, ipige picha pande zote.

RB ni bure. PF3 ni bure. Kuandikisha maelezo ni bure, na dhamana ya mtuhumiwa nayo ni bure. Ukiambiwa utoe ya karatasi, ya wino au ya mafuta ya gari, omba kuonana na mkuu wa kituo. Ikishindikana, namba ya TAKUKURU ni 113 na kupiga hakugharimu kitu.

Baada ya hapo mpelelezi anachukua maelezo yako. Naomba msomaji akae hapa kidogo, kwa sababu watu huyapita haraka wakiwa wamechoka na kulia. Maelezo hayo yatakufuata hadi kizimbani. Miezi kadhaa baadaye utasimama mbele ya hakimu useme yaliyotokea, na upande wa pili utayashika maelezo yako mkononi na kuuliza: mbona polisi ulisema fimbo, leo unasema mkanda? Kwa hiyo sema ulichokiona na kukisikia, kwa mpangilio wake, bila kuongeza wala kupamba. Kama hukumbuki saa, sema hukumbuki. Kama na wewe ulimrushia sufuria ukijitetea, sema, maana kulificha kutakuumiza zaidi kuliko kulitaja. Taja waliosikia kelele: jirani wa ukuta wa pili, mpangaji mwenzako, mtoto aliyekuwa macho. Kisha uyasome, au usomewe, kabla ya kutia saini au dole gumba, na pakiwa pamekosewa parekebishwe hapo hapo. Muulize mpelelezi jina lake na namba ya simu. Nguo yenye damu usiifue, ujumbe wa vitisho kwenye simu usiufute. Na ukumbuke kwamba kutoa taarifa ya uongo polisi ni kosa.

Mtuhumiwa akikamatwa, polisi wana saa 24 za kumfikisha mahakamani au kumpa dhamana. Yeye naye ana haki zake: kuambiwa kosa lake, kuwasiliana na ndugu au wakili, kutopigwa mahabusu. Hizo haki hazikupunguzii wewe chochote. Kipigo cha polisi huharibu kesi yako.

Lakini saa 24 ni chache, na hili ndilo jambo ambalo watu hawaambiwi. Kosa la kupiga lina dhamana. Huenda umemfikisha kituoni Jumapili asubuhi, na Jumatatu jioni akawa mlangoni, ana hasira kuliko alivyoondoka. Usirudi Magomeni kukaa peke yako ukiamini kwamba RB ni ukuta. Siku ile ile ya taarifa amua utalala wapi: kwa dada Mkwatani, kwa mama Kimamba, kwa mjomba Ulaya. Mwombe mpelelezi akujulishe akipewa dhamana. Chukua vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, cheti cha ndoa, kadi ya benki na vitambulisho, na kama unaogopa kuingia ndani omba askari au mwenyekiti akusindikize. Akikutisha akiwa nje kwa dhamana, hilo ni kosa jipya: lifungulie taarifa mpya na umweleze mpelelezi wa kesi ya kwanza. Kesi ikishafika mahakamani, mwombe mwendesha mashtaka amwombe hakimu aweke sharti la kutokukusogelea, na dhamana inaweza kufutwa akilivunja. Usiku wa hatari piga 112. Kwa mtoto kuna 116, huduma ya simu kwa mtoto.

Jalada likikamilika, kinachofuata kinategemea uzito wa kosa. Kofi au msukumo usioacha jeraha ni shambulio la kawaida. Kipigo kilichoacha jeraha huwa shambulio la kudhuru mwili, kifungu cha 241 cha Kanuni ya Adhabu, ambacho adhabu yake inaweza kufika kifungo cha miaka 5. Kuvunjwa mfupa, kutolewa jicho au kuachiwa kilema ni kosa kubwa zaidi, na hapo kifungo kinaweza kufika miaka 7, au zaidi ya hapo ikithibitika kwamba alikusudia. Mashambulio madogo mengi hupelekwa Mahakama ya Mwanzo. Makubwa huenda Mahakama ya Wilaya, Kilosa mjini. Kama mkono umevunjika na unaona shauri linasukumwa Mahakama ya Mwanzo, uliza kwa nini, kwa sababu uwezo wake wa kutoa adhabu ni mdogo.

Tofauti ya mahakama hizi mbili ni wewe unakuwa nani ndani yake. Mahakama ya Mwanzo wewe ndiye mlalamikaji. Unasimama mwenyewe, unaleta mashahidi wako, unawauliza maswali. Usipotokea siku ya shauri, hakimu anaweza kulifuta na mshtakiwa akaenda zake. Mahakama ya Wilaya kesi inaitwa Jamhuri dhidi ya fulani, na wewe ni shahidi. Anayeiendesha ni mwendesha mashtaka wa Ofisi ya Taifa ya Mashtaka. Shauri si mali yako tena. Utaitwa kwa wito wa mahakama, na shahidi anayekaidi wito anaweza kukamatwa akaletwa. Sheria ya Ushahidi inamruhusu mke kutoa ushahidi dhidi ya mumewe kwa kosa alilomtendea, kwa hiyo anayekwambia mke hashuhudii mumewe anakudanganya.

Hapo ndipo penye mgogoro mkubwa na ukoo. Wasagara, Wakaguru na Wavidunda hufuata upande wa mama, na mjomba ana neno zito katika ndoa ya mpwa wake. Wazee wakishasikia kijana yuko ndani, watakuja. Watakaa, watazungumza vizuri, watataja watoto, watataja chakula kilichobaki ghalani. Kisha mtaambiwa mwende polisi mkaifute kesi. Siwadharau wazee hao. Wengi wanatafuta amani kwa dhati, na kuna ndoa zilizopona kwenye vikao vya namna hiyo. Ila sheria ina mipaka yake. Kwa shambulio la kawaida na makosa mengine madogo yanayowahusu watu wawili, hakimu mwenyewe anaweza kusimamia usuluhishi, kwa ridhaa yako mlalamikaji, ikiwezekana kwa fidia. Hilo ni halali. Kwa mfupa uliovunjika au kwa ubakaji, hakuna kikao cha ukoo chenye mamlaka ya kulimaliza, na barua yako ya kuomba kesi ifutwe haimfungi mwendesha mashtaka. Mwenye uwezo wa kuiondoa mahakamani kwa niaba ya Jamhuri ni Mkurugenzi wa Mashtaka. Kama unasuluhishwa, sisitiza iwe mbele ya hakimu na iandikwe. Maneno ya ukumbini hayana mhuri, na akirudia utakuwa huna cha kuonyesha.

Ukiamua kutokufika mahakamani kwa sababu mmepatana, ujue utakachokipoteza. Ukimpeleka tena mwakani, taarifa ya kwanza haitakuwa na hukumu nyuma yake. Nawaona wanawake wakilaumiwa sana kwa kurudi nyuma hivi, na lawama hiyo naikataa. Mtu anayetegemea shamba la mumewe, ana watoto watatu na hana nauli ya kwenda mahakamani mara sita, harudi nyuma kwa kuwa anapenda kupigwa. Ndiyo maana nasisitiza hesabu ya nauli mapema, hasa kwa aliye Mikumi, atakayepita Ulaya kwenda Kilosa kila tarehe, na kwa aliye juu milimani Vidunda.

Kesi yenyewe huanza kwa mshtakiwa kusomewa shtaka. Akikiri, hukumu inaweza kutoka mapema. Akikana, tarehe zinapangwa: mashahidi wa mashtaka, kisha hakimu anaamua kama kuna kesi ya kujibu, kisha utetezi, kisha hukumu. Daktari anaweza kuitwa kueleza PF3 yake. Akipatikana na hatia si lazima afungwe. Hakimu anaweza kumtoza faini, kumpa kifungo cha nje cha kutumikia jamii, kumwachia kwa sharti la kutotenda kosa kwa muda fulani, au kumwamuru akulipe fidia. Fidia iombe kwa kinywa chako na uonyeshe risiti za matibabu, maana usipoitaja inaweza kusahaulika.

Sasa mlango wa pili, wa ndoa. Hukumu ya kipigo haivunji ndoa, haigawi nyumba, haileti chakula cha watoto. Ukitaka kutengana kisheria au talaka, Sheria ya Ndoa inataka kwanza mgogoro upite kwenye baraza la usuluhishi wa ndoa: la kata, la BAKWATA kwa Waislamu, au la kanisa lako. Baraza halitoi talaka na halimhukumu mtu kwa kipigo. Linawaita wote wawili, linawasikiliza, na likishindwa kuwapatanisha linakupa hati ya kusema limeshindwa. Hati hiyo unaiambatanisha na madai yako mahakamani ndani ya miezi 6 tangu itolewe. Ikipita hapo unarudi kuanza upya. Mwenzako akiitwa akakataa kuja, au ametoroka na haijulikani alipo, au kuna mazingira yasiyo ya kawaida yanayofanya baraza lisiwezekane, mahakama inaweza kukupokea bila hati.

Baraza lisikuchanganye na polisi. Likikwambia usubiri kikao cha tatu kabla ya kufungua RB, usisubiri. Na polisi wakikwambia nenda kwanza baraza la kata kwa kipigo cha jana, wakumbushe kwa heshima kwamba ulilolileta ni kosa la jinai.

Madai ya talaka unaweza kuyafungua Mahakama ya Mwanzo, kwa Kiswahili, bila wakili. Ukatili, wa mwili au wa akili, ni moja ya sababu ambazo mahakama huzipima kuona kama ndoa imevunjika kiasi cha kutorekebishika. Nakala ya hukumu ya kesi ya kipigo, RB na PF3 vitakusaidia hapo. Ndipo njia hizi mbili zinapokutana. Kuhusu mali, usikubali kuambiwa hukuchangia kwa kuwa hukuwa na mshahara. Mwaka 1983, katika kesi ya Bi Hawa Mohamed dhidi ya Ally Sefu, Mahakama ya Rufani ilikubali kwamba kazi za nyumbani za mke ni mchango katika mali ya familia. Nyumba ya ndoa haiwezi kuuzwa wala kuwekwa rehani na mmoja bila ridhaa ya mwingine. Ukisikia dalali anaitembelea, mwarifu mwenyekiti na ofisi ya ardhi kwa maandishi. Mtoto wa chini ya miaka 7 sheria inachukulia kwamba ni vyema akae na mama, isipokuwa ithibitike vinginevyo, na ofisa ustawi wa jamii wa halmashauri anaweza kukusaidia kudai matunzo hata kabla ya talaka. Ambao hawajafunga ndoa lakini wameishi pamoja miaka 2 au zaidi na jamii ikawatambua kama mume na mke, wanaweza kuiomba mahakama ilitazame hilo pia.

Kuna jambo moja linaloniuma kuliandika. Kwa sheria ya Bara ilivyo, mume anayemlazimisha mkewe kitandani hahesabiwi kuwa amembaka, isipokuwa kama walikuwa wametengana. Hata hivyo kipigo, kukabwa na vitisho vilivyotumika vinabaki kuwa makosa, na ni ukatili unaopimwa katika talaka. Vitaje vyote kwenye maelezo yako na kwa daktari. Kama aliyefanyiwa ni mtoto, hakuna la kujadili: ripoti siku hiyo hiyo, usimwogeshe, usifue nguo zake, na usimruhusu yeyote alimalize kwa ng'ombe wala kwa ahadi ya ndoa.

Na wewe mwanaume uliyepigwa, RB ni ile ile, PF3 ni ile ile. Utafiti wa Demografia na Afya wa 2015–16 ulionyesha kwamba wanawake 4 kati ya 10 wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamewahi kufanyiwa ukatili wa kimwili, kwa hiyo mwongozo huu umewaelekea wao zaidi. Ila dawati halimfungii mtu mlango kwa jinsia yake.

Ukikwama katikati, watafute wasaidizi wa kisheria. Wanatambuliwa na Sheria ya Msaada wa Kisheria ya mwaka 2017, hawatozi ada, na ingawa hawaruhusiwi kusimama mahakamani badala yako, watakuandalia maombi, watakusomea barua na kukueleza maana ya kila karatasi. Ofisa ustawi wa jamii anaweza kukuelekeza walipo.

Weka kila kitu kwenye bahasha moja: namba ya RB, picha za PF3, risiti, jina la mpelelezi, hati ya baraza, namba ya kesi. Usiiache nyumbani kwa mtuhumiwa. Mpe dada au mama akutunzie. Na kila siku ya shauri, kabla hujapanda bodaboda kurudi, mwulize karani tarehe inayofuata na uiandike juu ya bahasha hiyo mbele yake.